Picha ya Mwisho ya Mkanda

Mama mdogo wangu wa Wete, Pemba, ana albamu ya harusi yenye kurasa nyingi kuliko picha. Aliolewa mara ya kwanza mwaka 1987, ndoa haikufika mbali, na alipoolewa tena alikaa alasiri moja na wembe akazitoa picha za bwana wa mwanzo moja moja. Hakuwa na hasira. Alifanya kama mtu anayechagua mchele. Zilipokuwepo picha pamebaki alama za gundi na vipembe vya karatasi ambavyo sasa havishiki kitu.

Ukurasa wa mwisho hakuugusa. Pana picha moja tu, ya wanawake wanne wamekaa mkekani uani, sinia la mchele katikati yao. Mmoja kainama hata uso hauonekani. Mmoja mdomo u wazi, ama anaimba ama anamsema mtu. Wa tatu anaitazama kamera kama anayeitazama baskeli iliyompitia karibu mno. Wa nne ni bibi yangu. Kanga imemteleza begani, na macho yake hayapo kwenye mchele wala kwa mpiga picha, yanamfuata paka. Rangi zimegeuka nyekundu, kama picha nyingi za miaka ile. Kwenye pembe ya kushoto umeingia mguu wa mtoto. Mguu huo ni wangu.

Kwa miaka minane nilibeba kamera kwenye harusi za Unguja na Pemba kabla ya kuhamia kwenye kalamu, na nakiri kwamba hakuna picha yangu hata moja ninayoitazama kama ninavyoitazama hiyo. Nilimuuliza mama mdogo aliyeipiga ni nani. Alikuwa mpiga picha aliyekuja kutoka Chake Chake na mkanda mmoja wa picha 36. Miaka ile mkanda wenyewe ulikuwa kitu cha kutafutwa. Jioni ya nikaha akatumia karibu zote: shekhe, walii wa bi harusi, wazee, bwana harusi na kilemba chake, bi harusi kajifunika. Zikabaki mbili tatu. Na mkanda hupeleki kusafishwa haujesha, maana hizo zilizobaki umeshazilipia. Asubuhi yake, akisubiri gari ya kurudi, akazunguka nyuma ya nyumba kuumalizia. Maharusi wako ndani katika fungate yao, kina mama wako uani wanachagua mchele wa kuwapelekea. Akabonyeza. Kwake yeye ile ilikuwa taka ya mwisho wa mkanda.

Makala haya yanahusu hiyo taka.

Tazama kwanza kwa nini ilinusurika wembe: hakuna bi harusi ndani yake, wala bwana. Ndoa ilipovunjika, picha zote zilizosimama juu ya ndoa zilianguka nayo. Hii ilikuwa imesimama juu ya kitu kingine. Tunaishi mahali ambapo talaka si habari ya ajabu, na kila familia ina albamu iliyojificha chini ya mashuka, lakini sijamsikia mtu akimwambia mpiga picha: tupigie na zile zitakazobaki hata hawa wawili wakiachana. Mtu haanzi harusi kwa uchuro, naelewa. Hata hivyo ukweli wa biashara yetu ndio huo. Tunalipisha ghali picha zenye umri mfupi, na zile zenye umri mrefu hatuzipigi kabisa.

Nilizifungua diski zangu nikatafuta picha ya mpishi. Harusi moja ya siku mbili, picha zaidi ya elfu mbili, masufuria ya pilau yaliyokesha juu ya kuni, na mpishi nilimkuta mara moja tu: amepita mbele ya lenzi nikiwa nalenga keki. Nakumbuka nilimkasirikia.

Haya hatukuyaanza kwa ubaya. Msimu wa harusi unajulikana, kwanza Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukishaandama, kisha Shaabani kabla mwezi wa kufunga haujaingia, na katika majuma hayo mpiga picha anaweza kuwa na harusi tatu kwa siku nne. Mteja anakuja na simu mkononi. Anakuonesha bwana na bibi wamegusanisha vipaji vya nyuso, bahari nyuma, jua linazama, shela linapepea. “Nataka kama hii.” Ukiiangalia vizuri picha yenyewe unaitambua. Imepigwa Kendwa, au Nungwi, au Paje, na maharusi wake ni wageni waliovuka bahari mbili kuja kuoana miguu peku.

Wapiga picha wetu wengi wamejifunzia huko, kwa sababu huko analipwa vizuri na kwa wakati, na sisemi kwamba wamefunzwa vibaya. Walifunzwa kuandikiana mkataba, kuwahi, kuujua mwanga wa saa kumi na moja. Tatizo liko ndani ya fremu. Yule mgeni amekuja na watu wanane, pengine wawili. Wazee wake wako Ulaya. Hana shangazi wa kugombana na mpishi, hana bibi wa kumenya thomu. Fremu yake ina watu wawili na bahari kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuingia. Uzuri wa picha ile ni uzuri wa upweke, nao kwa harusi yake ni wa kweli.

Kwetu mambo ni kinyume. Nikaha inafungwa msikitini, bwana harusi kashikana mkono na walii, na bi harusi hayupo. Yeye yuko nyumbani na kina mama, singo imeshamlainisha ngozi, hina imeshamkoza, somo yake hambanduki ubavuni. Wanakutana kwa dakika chache, bwana anapoingizwa ndani kumpa mkono, na hata hapo mlangoni wamejazana wifi na mashangazi wanadai kifungua mlango. Harusi ya Kizanzibari ni shughuli ya watu mia tatu ambayo maharusi wanapita katikati yake. Ukiipiga kwa fremu ya watu wawili na bahari, umewakata mia mbili na tisini na wanane.

Na kukata huko huwa si kwa mfano tu. Niliwahi kumsindikiza mwenzangu Paje kupiga picha za maharusi wa mjini, watoto wa hapa hapa. Bahari ilikuwa imekupwa, kina mama wako mbali kidogo wameinama kwenye mashamba ya mwani, vijiti vimejipanga mpaka upeo wa macho. Kilimo hicho cha biashara kilianza pwani ile mwaka 1989, na kimewasomesha watoto wengi kwa mikono ya wanawake. Mwenzangu alipiga kelele akiwaomba wasogee, wanamharibia. Wakasogea. Bi harusi akageuka, akamtambua mmoja wao: alikuwa jirani ya bibi yake, Jambiani. Wakasalimiana kwa mbali, mkono mmoja una shada la maua ya plastiki, mwingine una mwani unaotiririka maji. Mimi nilikuwa nimeshika kioo cha kurudisha mwanga. Hakuna aliyeipiga.

Watu hupenda kuuliza ilhamu inatoka wapi, na jibu linalotarajiwa siku hizi ni jina la programu ya simu. Basi niseme kisa kimoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kijana mmoja wa Kifaransa, Henri Cartier-Bresson, aliyekuwa amesomea uchoraji, aliiona picha ya Martin Munkácsi, mpiga picha wa Kihangari. Picha ile inajulikana kwa jina la vijana watatu wa Ziwa Tanganyika: watoto watatu weusi, uchi, migongo kwa kamera, wanayakimbilia mawimbi. Cartier-Bresson mwenyewe alieleza baadaye kwamba hiyo ndiyo iliyomwasha, na kutoka hapo akawa mmoja wa wapiga picha wakubwa wa karne ile, mtu aliyewafundisha wenzake kusubiri ule mpigo mmoja ambapo mambo yanakaa sawa kisha yanapita. Sasa nenda Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe, alasiri yoyote. Watoto wanarudi nyuma hatua kumi, wanakimbia, wanajirusha kutoka ukutani, na kwa nukta moja wanatundikwa hewani kati ya ukuta na maji. Ilhamu iliyomtoa mtu Paris kwenye brashi tunayo hapa kila siku bila kiingilio. Na sisi tuko nyuma yake, tumeinamia simu, tunatafuta namna ya kuiga picha ya harusi ya California.

Hata mwanga, tukisema ufundi mtupu, uko upande wa uani. Msikitini umekaa umati wote kanzu nyeupe, na kamera haijui kanzu. Kipimo chake kinadhani dunia nzima ni ya kijivu. Ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, kanzu zinatoka kama zimefuliwa kwa maji ya mtaro na nyuso zinazama gizani. Anayejua huongeza mwanga hatua moja, pengine moja na nusu, akauacha weupe uwe mweupe. Ukumbini kwenye kupamba, ile hafla ya kina mama ya kumwonesha bi harusi, kuna shida nyingine, zile taa za zambarau. Bi harusi kakaa saa nzima akichorwa, hina na piko, ua juu ya ua hadi kwenye viwiko, na chini ya taa zile mkono unatoka kama umetiwa tope. Sijui ni nani aliyetwambia zambarau ni rangi ya furaha.

Uani hakuna mapigano hayo. Ukuta wa chokaa unaurudisha mwanga taratibu, paa la makuti linauchuja, moshi wa kuni unaonesha mwanga ulipopita. Saa kumi na nusu alasiri mtu aliyeketi mlangoni akimenya mbatata anapata mwanga ambao studio ingemlipisha. Ila uwahi. Karibu na ikweta jua halina subira, likishazama, dakika ishirini baadaye ni usiku.

Na hapo pana jambo la rangi ya ngozi ambalo siwezi kulipita. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilikuwa ikipeleka kwenye maabara za picha kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, zikaitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi kuwa sawa. Mwenye ngozi nyeusi akitoka macho na meno, alidhani kosa ni lake au la taa. Filamu zilirekebishwa miongo kadhaa baadaye. Leo hakuna anayetupelekea kadi, tumeitia wenyewe ndani ya simu, kwenye vichujio vya kung'arisha nyuso. Bi harusi wa Pemba, maji ya kunde, anatoka kwenye picha mweupe kuliko shela lake, na mama yake anaitazama anauliza kwa adabu huyu ni nani. Kwenye ile picha ya uani ya 1987, pamoja na wekundu wake wote, kila mmoja ana rangi yake na unaweza kuwataja kwa giza na mwanga wa ngozi zao.

Mjini, Barabara ya Kenyatta, ipo Capital Art Studio. Ranchhod Oza, aliyetoka India, aliifungua mwaka 1930 na mwanawe Rohit akaiendeleza. Kuta zake zimejaa picha nyeusi na nyeupe. Oza alipiga masultani na sherehe za dola, na Mapinduzi yalipopita akaendelea kupiga. Kila nikiingia pale jicho langu linafanya safari ile ile: linaanza kwa wakubwa kwa heshima, halafu linateleza hadi kwenye majahazi, vichochoro, watu wa barabarani ambao hawakujua kwamba siku moja watatundikwa ukuta mmoja na sultani. Mambo ya pembeni yana tabia ya kupanda cheo. Familia ngapi zilisimama Forodhani siku ya Idi, watoto na puto, Beit el Ajaib, lile jumba la kale la masultani, nyuma kwa sababu ilikuwepo tu? Desemba 25, 2020 sehemu ya jengo hilo ikaporomoka na kuua watu wawili, na mnara wake ukaenda. Tangu siku hiyo zile picha za puto si za puto peke yake.

Mpaka hapa msomaji wa Kizanzibari atakuwa na neno kooni, na ni neno zito kuliko yote niliyoyasema. Uani si pahala pa kamera. Uani mtu kavaa kanga moja, nywele ziko nje, maziwa ya mtoto yako nje. Jukwaani bi harusi kajiandaa kuonwa, uani hakuna aliyejiandaa. Mpiga picha anayeingia huko na lenzi yake anavunja sitara ya nyumba.

Nalijua neno hilo kwa sababu nililipia. Nilimpiga picha mama mdogo anakaanga sambusa za futari, kanga kaifunga kifuani, uso unang'aa kwa moto, kachoka vizuri. Niliipenda mno. Nikaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp bila ya maneno, nikijiona msanii. Haikupita saa simu ikalia.

“Mwanangu, ile picha itoe.”

“Mama mdogo, lakini umetoka vizuri.”

“Najua nimetoka vizuri. Lakini mimi nilivaa vile kwako. Sikuvaa kwa watu.”

Nikaitoa. Na kwa muda mrefu nilidhani nimefunzwa kwamba picha za nyumbani tusizipige. Ilinichukua miaka kuona kwamba hakusema hivyo. Hakukataa kupigwa, aliniona na kamera akaendelea kugeuza sambusa. Alichokikataa ni mlango kuachwa wazi.

Ile albamu yake inakaa kabatini, chini ya doti za kanga ambazo hazijakatwa, pamoja na kichupa cha udi. Kuiona, lazima kwanza uwe umekaribishwa ukumbini, halafu ndani, halafu mazungumzo yafike huko, halafu yeye mwenyewe ainuke akaitoe. Kila hatua ni mlango na kila mlango una mwenyewe. Picha ya bibi na kanga iliyoteleza imekaa humo tangu 1987 bila kumvunjia mtu heshima, kwa sababu walioiona wote ni watu ambao kanga ile ingeweza kuteleza mbele yao. Simu iliifuta milango yote kwa mkupuo mmoja. Ndipo tukaamua, bila ya kikao, kwamba picha ni kitu cha kuoneshwa watu. Na kwa kuwa tuna haya zetu, tukabaki kupiga vile tu vinavyoonesheka, yaani jukwaa, keki, gari lililopambwa, mkao wa kufundishwa. Kwa hiyo mimi sidhani sitara ndiyo iliyotunyima picha za nyumbani. Tulinyimwa na kuonesha. Sitara ndiyo iliyoiweka hai ile moja.

Kina mama wamelielewa jambo hili mapema kuliko sisi wanaume wa kamera. Nenda kwenye kupamba leo: kadi imeandikwa simu haziruhusiwi, na mlangoni kuna mtu mzima na kikapu, anazikusanya bila kuangalia cheo cha mtu. Ndani mpiga picha ni mwanamke, na kuna familia zinazochukua memori kadi usiku ule ule, kazi ya kusafisha rangi inafanyiwa nyumbani kwao. Wengine huona huo ni ushamba. Mimi naona hapo ndipo zilipo picha bora zinazopigwa visiwani sasa, na ni haki kabisa kwamba mimi sitaziona. Mwenzangu mmoja, dada anayeifanya kazi hiyo mjini, aliniambia picha anayoombwa nakala zaidi si ya bi harusi jukwaani. Ni ile ya saa nane ya usiku, mashoga wamevua viatu, wamelaliana kwenye mkeka na wanja umewatiririka, mmoja anamlia mwenzake zabibu za pilau kwenye sahani. Hakunionesha. Alinisimulia tu, na nikaiona.

Kuna watakaosema picha za kila siku zimejaa, kila mtu ana simu, nenda ukaone mamia ya picha za watoto, chakula, boflo na chai. Kweli zimejaa, ila zimekosa mwisho. Mkanda ulikuwa na 36, ukiisha umeisha. Unausafisha, unazishika mkononi, unachagua ya kuweka na ya kumpa mtu. Simu haiishi, kwa hiyo hakuna siku ya kuchagua, mpaka siku inapoangukia ndoo ya maji ndipo unapojua hukuchagua hata moja. Mimi mwenyewe, mtu wa kazi hiyo, diski yangu moja iliwahi kufa na harusi mbili tumboni. Hewa yetu ya chumvi na unyevu haichagui mtaalamu. Lenzi inaota kuvu ndani kama ukuta wa masika. Albamu ya mama mdogo imekuwa nyekundu, lakini ipo.

Kwa hiyo nikiulizwa na anayeozesha mwaka huu, ushauri wangu ni wa bei nafuu. Huyo mpiga picha aje siku moja kabla, bila ya taa na bila ya miguu mitatu ya kusimamishia kamera, anywe chai kwanza. Kama nyumba haitaki mwanamme uani, na ina haki, atafutwe mwanamke, au apewe simu nzuri yule binti wa nyumbani wa miaka kumi na nne ambaye hakuna anayemjali akipita. Binti huyo anajua shangazi gani huimba akimenya thomu na babu yupi hujificha nyuma ya tangi kuvuta sigara. Asiambiwe awapange watu. Ikishapita fungate, mkae na picha zote mchague 36, kisha mzitoe kwenye karatasi. Zile za jukwaa mfanye mpendavyo, hata mkiziweka mbele ya ulimwengu mzima. Zile za uani zisitoke nyumbani, na mpiga picha alijue hilo kabla hajalipwa.

Najua wapiga picha watanuna. Picha za uani hazivutii wateja kwa sababu huwezi kuzitangaza, na kazi isiyotangazika ni kazi isiyokua. Sina dawa ya hilo. Labda bei ya siku ile ya kwanza iwe juu kuliko ya pili, kwa kuwa mtu ananunua picha pamoja na ukimya wako.

Mara ya mwisho nilifika Wete msimu wa karafuu. Jioni, barazani, mama mdogo kakaa na wajukuu watatu wanachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, huku, vidole vinakwenda bila ya macho, jamvi zima linanuka mpaka barabarani. Mdogo wao alikuwa anadanganya, anayachanganya makonyo na karafuu ili pishi lijae haraka, na bibi yake anamwona na hasemi. Nikaitoa kamera polepole kwenye mkoba. Akanitazama, akaitazama kanga yake, hakuivuta.

“Piga,” alisema. “Lakini hii ya kabatini.”